Pikipiki ya kwanza inunuliwe kwa kipimo cha miguu, si cha sifa

Kila mwaka kahawa ikishapokelewa kwenye vyama vya msingi na wakulima wakaanza kulipwa, huku kwetu Nyakasimbi hutokea jambo ambalo halijadiliwi vya kutosha. Watu wazima, wenye familia na mashamba, wanaingia madukani Kayanga, Omurushaka au Bukoba mjini na kutoka na pikipiki ya kwanza maishani mwao. Wengi wao hawajawahi kushika klachi hata siku moja.

Sina ugomvi na ununuzi huo. Mkulima wa Karagwe au Kyerwa anayetegemea bodaboda kila anapokwenda shambani, sokoni au kwenye mnada anajua kiasi kinachomtoka mfukoni kwa mwezi. Mfanyabiashara mdogo anayekusanya maharage na ndizi vijijini anajua zaidi. Pikipiki kwa watu kama hawa ni chombo cha kazi kama jembe na panga.

Ugomvi wangu ni namna tunavyochagua. Tunapokwenda kununua jembe tunalishika, tunalipima uzito, tunaangalia mpini kama unaendana na mkono. Tunapokwenda kununua pikipiki, ambayo bei yake ni mara mia kadhaa ya jembe, tunauliza maswali mawili tu: ipi ni kubwa, na jirani amenunua ipi.

Nasema hivi kwa sababu kosa hilo nililifanya mwenyewe. Nilikuwa na umri wa miaka 47, na fedha ya kahawa mkononi. Nilikuwa nimekusudia kununua pikipiki ndogo ya CC 100. Muuzaji akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema, "Mzee wangu, mtu wa heshima kama wewe utapandaje hiki kitu cha vijana? Chukua mashine." Mashine yenyewe ilikuwa imetumika, ya CC 250, ndefu, ya aina ile inayotengenezwa kwa ajili ya njia za porini. Nilipoikalia pale dukani niligusa sakafu kwa ncha za vidole. Niliona aibu kusema kwamba ni ndefu. Nikalipa.

Hiyo ilikuwa mwezi Julai, barabara kavu, vumbi tu. Niliendesha na kupigiwa saluti njiani. Mwezi Oktoba mvua za vuli zikaanza. Siku moja nilikuwa nimebeba nusu gunia la mbegu za maharage, nikipanda kilima chenye utelezi. Mbuzi akakatiza. Nikasimama, nikateremsha mguu wa kushoto upande ambao ardhi ilikuwa chini zaidi. Mguu haukufika. Pikipiki ikalala juu yangu pamoja na mzigo, na kifundo cha mguu kikavunjika.

Nilikaa wiki sita na plasta ngumu. Mbegu zile zilipandwa na vibarua, kwa fedha ya kukopa, tena zikachelewa. Pikipiki niliiuza kwa bei ya kutupa ili nilipe deni. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Mimi hata kuupanda sikuupanda vizuri.

Ndugu msomaji, naomba tuanze na neno lenyewe, CC, maana ndilo linalotupotosha. CC ni ujazo wa chumba cha injini ambamo petroli huchomwa. Injini ya CC 125 ina chumba cha kuingia mililita 125, yaani kama nusu ya bilauri ya maji. Ya CC 250 ni bilauri nzima. Namba hiyo inakueleza uwezo wa injini kwa ujumla. Haikuelezi kama pikipiki itakufaa wewe. Haisemi kiti kiko juu kiasi gani, uzito wake ni kilo ngapi, wala kama fundi wa senta ya kwenu ana vipuri vyake.

Tena historia yenyewe inatufundisha. Wenye umri wangu wanaikumbuka Yamaha AG100 iliyotumiwa na mabwana shamba na watumishi wa miradi. Herufi zile AG zinatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kilimo. Pikipiki ile ilibuniwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wafugaji na wakulima wa Australia na New Zealand, watu wenye mashamba ambayo ukizunguka kwa miguu hulimalizi kwa siku moja. Waliwekewa injini isiyofika hata CC 100 kamili. Wakawekewa kerea mbele na nyuma, mnyororo uliofunikwa wote ili matope yasiingie, na stendi pande zote mbili ili uweze kuiegesha kwenye mteremko. Waliobuni pikipiki ile waliangalia kazi ya shamba, na kazi ya shamba haikuhitaji injini kubwa. Baadaye zikaja Honda XL125 na Yamaha DT125, ambazo nazo zilipita katika vilima na mabonde ya nchi hii kwa miaka mingi. Kama CC 125 ilimfikisha bwana shamba kila kijiji wakati barabara zilikuwa mbaya kuliko leo, mwanafunzi wa udereva anatafuta nini kwenye CC 250?

Maoni yangu ni kwamba mtu mzima anayeanza kujifunza, kwa njia zetu hizi za Karagwe na Kyerwa, anunue pikipiki ya kati ya CC 100 na 125, na asivuke CC 150 hata kama fedha inatosha. Ndani ya kiwango hicho, achague kwa kupima mwili wake.

Vipimo ni vitatu, na vyote vinafanyika dukani bila gharama.

Cha kwanza ni miguu. Kalia pikipiki ikiwa imetolewa stendi. Mwanafunzi anatakiwa akanyage chini kwa miguu yote miwili kwa wakati mmoja, angalau nusu ya mbele ya nyayo ikigusa bila kunyoosha vidole. Pikipiki za kawaida za mijini na vijijini, kama Boxer na TVS, kiti chake kiko kwenye sentimeta 80 hivi kutoka ardhini. Honda XR150L, ambayo ni ya njia mbaya lakini si ndefu sana, kiti chake kiko sentimeta 82 na nusu. Pikipiki ya porini ya CC 250, kama Honda CRF250L, inafika sentimeta 87 na nusu. Tofauti ya sentimeta saba au nane unaweza kuidharau ukiisoma gazetini, lakini kwenye utelezi ndiyo iliyonivunja mguu. Kumbuka pia kwamba barabara zetu hazikulala sawa. Mahali palipochimbwa na maji, upande mmoja unaweza kuwa chini kwa kiganja kizima. Kama dukani kwenye sakafu unafika kwa shida, huko njiani hutafika.

Cha pili ni nguvu ya kuinua. Kila anayejifunza ataangusha pikipiki, asikudanganye mtu. Swali ni kama ataweza kuiinua akiwa peke yake njiani, jua linazama. Nyingi za CC 100 hadi 150 zina uzito unaozunguka kilo 110 hadi 130. Ile ya CC 250 niliyoitaja inakaribia kilo 145, bila mzigo. Mwombe muuzaji uilaze taratibu juu ya gunia tupu, kisha uiinue. Ipe mgongo, chuchumaa, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma ya kiti kwa mwingine, halafu sukuma kwa miguu ukirudi kinyumenyume. Ukishindwa mara mbili, pikipiki hiyo si yako. Muuzaji akikataa usiijaribu, nenda duka la pili.

Cha tatu ni kusimama. Weka nyayo kwenye vikanyagio, simama kidogo kama unayetaka kuchungulia ng'ambo ya ua, mikono ikiwa kwenye usukani. Kwenye mashimo na makorongo dereva mzuri hakai kitini. Husimama ili magoti yabebe mishtuko. Kama ukisimama mgongo unapinda kama wa mtu anayepalilia, pikipiki ni fupi mno kwako. Mtu mrefu naye asijilazimishe kwenye pikipiki ya kijana. Yeye ndiye anayefaa kutazama zile zenye kiti cha sentimeta 82 na kuendelea. Kipimo hiki kinafanya kazi pande zote mbili.

Hapa kuna watakaosema mwandishi hajui mzigo. Watauliza: gunia la kahawa la kilo 60, mkungu wa ndizi juu yake, na mlima wa Karagwe, CC 100 itapanda wapi? Hoja hiyo ina ukweli wake na sitaki kuipuuza. Anayebeba abiria au magunia kila siku kwa biashara anastahili CC 150, na ndiyo sababu vijana wa bodaboda wengi wameichagua. Lakini kijana huyo ana miaka mitano barabarani. Wewe una siku tano.

Zaidi ya hapo, nguvu ya kupanda mlima haitoki kwenye CC peke yake. Inatoka pia kwenye sproketi. Fundi akikufungia sproketi ya nyuma yenye meno mawili au matatu zaidi, pikipiki ileile inavuta mlima vizuri zaidi kwa gia ndogo, na unachopoteza ni mwendo wa kasi kwenye lami. Huenda akahitaji kurefusha mnyororo kidogo. Kwa mkulima ambaye lami anaipitia siku ya kwenda Bukoba tu, hiyo si hasara. Na kama mzigo ni mkubwa, nenda mara mbili. Safari ya pili ina gharama ya mafuta kidogo. Mguu uliovunjika una gharama ya msimu.

Kuna jambo jingine la milima ambalo wauzaji hawalisemi. Ajali nyingi za mwanafunzi hutokea kwenye kushuka. Unaposhuka na mzigo unatakiwa uweke gia ndogo, injini ikusaidie kushikilia, na breki uziguse taratibu. Ukikamata breki ya mbele kwa hofu kwenye matope, tairi linateleza na wewe unakwenda nalo. Pikipiki nzito yenye nguvu nyingi inakimbia haraka kabla mwanafunzi hajajua mkono wake umefanya nini. Nyepesi inakupa nafasi ya kukosea na kujirekebisha.

Tazama pia matairi. Pikipiki nyingi zinazokuja madukani zimefungwa matairi ya lami yenye mistari midogo. Kabla ya kununua injini kubwa, ongeza fedha kidogo ununue matairi yenye meno makubwa. Kwenye utelezi wa udongo wetu mwekundu, tairi zuri kwenye CC 125 litakufikisha, na CC 250 yenye tairi la lami itabaki inazungusha gurudumu mahali pamoja.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ukurasa huu ni wa biashara. Chukua mkulima anayetembea kilometa 30 kwa siku, siku sita kwa wiki. Hizo ni kilometa 180. Pikipiki ya CC 100 au 125 katika njia zetu inaweza kukupa kilometa 45 kwa lita, hivyo utatumia lita 4 kwa wiki. Ya CC 250 ikikupa kilometa 27 kwa lita, utatumia zaidi kidogo ya lita sita na nusu. Kwa mwaka wenye wiki 52 tofauti inakaribia lita 140. Zidisha kwa bei ya petroli ambayo EWURA hutangaza kila mwezi, kisha jiulize fedha hiyo ingenunua mifuko mingapi ya mbolea au ingelipa vibarua wangapi wa kuchuma kahawa.

Vipuri navyo vihesabiwe. Kabla ya kwenda dukani, pita kwa fundi wa senta yenu na umuulize swali moja: ni pikipiki gani ambazo ukifungua leo jioni unaweza kuzifunga kesho asubuhi? Atakutajia mbili au tatu, na mara nyingi zitakuwa zilezile zinazobeba abiria. Klachi, plagi, mnyororo na nyaya zake zinapatikana jirani. Pikipiki ya kifahari ambayo kipuri chake kinaagizwa Mwanza au Kampala itakaa kwenye banda wiki mbili huku wewe unapanda bodaboda. Mimi hilo nalijua.

Sheria nayo ina la kusema. Leseni zetu za pikipiki zina madaraja. Daraja A1 ni la pikipiki zisizozidi CC 125, na daraja A ni la zile zinazozidi hapo. Hii ina maana kwamba hata waliotunga sheria waliona namba 125 kuwa ni mpaka. Anayenunua CC 150 kwa leseni ya A1 anajitafutia maelezo barabarani, na siku ya ajali bima inaweza kumgeuka. Ukinunua iliyotumika, hakikisha kadi inahamishiwa kwenye jina lako TRA kabla hujamaliza kulipa. Kofia ngumu ipangiwe fedha siku ileile ya kununua. Tusingoje trafiki atukumbushe.

Akina mama nao wasisahaulike. Wapo wakulima na wafanyabiashara wanawake wanaotaka kuendesha wenyewe, na wengi wanakatishwa tamaa kwa sababu pikipiki waliyojaribishiwa ni ya mume au kaka, ndefu na nzito. Tatizo si uanamke, ni kipimo. Mama mwenye urefu wa wastani akipewa CC 100 yenye kiti cha chini, au zile zisizo na klachi ya mkono ambazo unapita mguu mbele ya kiti, anajifunza kama mwingine yeyote. Avae suruali au afunge kitenge vizuri, mbali na mnyororo.

Nirudi kwenye kalenda, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapoumia bila kujua. Fedha ya kahawa inakuja katikati ya mwaka, wakati wa kiangazi. Pikipiki inanunuliwa kwenye vumbi. Mvua za vuli zinaanza Septemba na Oktoba, na ndipo mwanafunzi anagundua kwamba alichojifunza ni nusu ya kazi. Kwa hiyo miezi ile mikavu itumike. Wiki mbili za kwanza baki kwenye uwanja wa mpira, jifunze kuanza, kusimama na kubadili gia mpaka mkono uzoee. Wiki nne zinazofuata tembea njia za kijiji bila mzigo wala abiria. Kisha anza na mzigo mdogo, debe moja, ukiuongeza kidogo kidogo. Mvua ya kwanza ikinyesha, usikimbilie njia kuu. Rudi uwanjani ujifunze utelezi mahali ambapo ukianguka utachekwa tu.

Haya si ya mkulima peke yake. Vyama vyetu vya msingi vinajua ni msimu gani fedha inatoka na ni wanachama gani wananunua pikipiki. Vinaweza kumwalika mwalimu wa VETA au askari wa usalama barabarani kwa siku mbili, uwanjani, kabla ya mvua. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zinaweza kulibeba jambo hili kama zinavyobeba kampeni za miche na mbolea, maana mkulima aliyelala na mguu juu hachumi kahawa. Mwaka 2022 serikali iliwagawia maafisa ugani pikipiki ili wawafikie wakulima. Ni vyema maafisa hao, ambao wanapita njia hizihizi kila siku, wakimtembelea mkulima wamweleze na hilo pamoja na habari za mnyauko wa migomba.

Na wauzaji, ndugu zetu, nawaomba waache kutuuzia heshima. Mteja aliyenunua pikipiki inayomtosha atarudi kununua oili, matairi na mnyororo kwa miaka kumi. Aliyenunua asiyoimudu harudi, na akirudi anakuja kulaumu.

Leo hii ninapanda CC 100, ya bei nafuu, yenye kerea ya chuma aliyoichomelea fundi wa hapa Nyakasimbi. Vijana wamewahi kunicheka kwamba mzee ameshuka cheo. Nimewajibu kwamba nimeshuka sentimeta saba tu, na miguu yangu yote miwili inagusa ardhi. Msimu huu mbegu zangu za maharage zilifika shambani siku niliyopanga, zikapandwa siku ileile.